Dawa ya Dudu

Nimekosa, na sitaki mtu anipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Someni kwanza, mnitukane mkimaliza. Mimi mwenyewe nimeshaanza.

Mimi ni mwanaume wa Matayos, mke mmoja, binti mmoja aliyemaliza shule juzi. Kazi yangu iko Malaba. Madereva wa malori wakikwama kwenye foleni, mimi ndiye ninayekimbia na karatasi zao kutoka dirisha hili hadi lile. Kwa kazi hiyo nilijiona mtu mkubwa sana. Viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni, shingo imesimama! Kumbe ndani hamna kitu.

Mke wangu alikuwa anafuga mbwa. Si hawa wetu wa kulala kwenye jivu na kula ukoko. Wake wana manyoya ya kujisokota, rangi ya chai ya maziwa, wapole hata kuku wanawapanda mgongoni. Kizungu chao ni goldendoodle. Mama yao, Asali, alipewa na familia aliyoifanyia kazi Kisumu miaka mingi. Basi yeye na binti yetu wakaanza kuzalisha na kuuza watoto wa mbwa hapo hapo nyumbani.

Na masharti yao! Asali akishazaa anapumzishwa, hata wateja wapige simu namna gani. Hakuna mtoto anayeondoka kabla ya wiki nane. Kila mmoja ana kadi yake ya chanjo. Mnunuzi lazima aje nyumbani, aketi, aulizwe nani atashinda na mbwa mchana. Na siku akishindwa kumtunza amrudishe, asimtupe barabarani.

Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mama wa kanisa, mtu na heshima zake, ameketi kwenye kigoda anachana mbwa nywele! Mbwa ana kadi ya kliniki, na mimi yangu sijui hata iliko!

Siku moja alikuja mfanyabiashara kutoka upande wa Uganda, gari kubwa, tumbo kubwa. Akawatazama watoto wa mbwa, akasema, "Nnyabo, mimi nachukua wawili. Nawafunga kwa mlango ya stoo yangu."

"Hawa si wa kufunga, ssebo," mke wangu akamjibu. "Tafuta mbwa ya kulinda."

"Lakini pesa niko nayo hapa."

"Najua uko nayo. Safari njema."

Nilimkimbilia yule mtu hadi garini nikimwomba msamaha kwa niaba ya mke wangu. Hebu fikiria! Nilimwombea msamaha mwanamke aliyekuwa na akili kutuzidi sote wawili.

Kesho yake kibandani Malaba, tukila, nikawasimulia wenzangu. Hilo jina doodle mimi hulitamka kama watu wote wa huku, dudu. Nikasema, "Yule mama wangu anafuga dudu." Lo! Kicheko kilichopasuka pale! Kutoka siku hiyo nikifika tu, "Boss, dudu wameamkaje?" Na mimi nacheka nao. Watu ambao sikuwahi kuwaona wakimfanyia mtu jambo jema hata moja, wamekaa wanachokonoa meno wakimcheka mke wangu, na aliyewapa kicheko ni mimi.

Nikalipeleka neno nyumbani. Nilidhani litamuuma. Mke wangu alinitazama kidogo, kisha akatabasamu. "Sawa, dudu basi." Akalichukua kama jina la kubembeleza. Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika DUDU kwenye ndoo ya chakula chao, DUDU kwenye taulo, na kwenye chupa ya dawa yao ya minyoo akaandika DAWA YA DUDU.

Nilichukia! Mtu umemtukana na amevaa tusi lako kama kitenge kipya.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu ulipokomaa. Nina ng'ombe wawili, na nilikuwa nimenunua dawa ya kupe, ikamiminwa kwenye chupa ya soda. Mke wangu amesema mara ngapi sumu haiwekwi kwenye chupa ya kunywea? Nikaiweka kwenye rafu ya stoo. Halafu nikabandika karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: DAWA YA DUDU. Makusudi! Nilitaka akiiona ajue kwamba kwangu mimi mbwa wake na kupe ni kitu kimoja.

Hakuiona. Asubuhi ile ile alipigiwa simu kutoka Budalang'i kwamba maji ya mto yameingia nyumbani kwa mama yake. Yeye na binti wakatoka mbio kwenda kumtoa. Kabla ya kuondoka aliokota kichupa kitupu pale stoo, akakiosha, akapima humo dawa ya minyoo ya watoto sita wa Asali. Walikuwa na wiki saba, na kila mmoja alikuwa ameshapata mnunuzi.

Saa nane mchana akanipigia. Nilikuwa nimerudi mapema, niko kwenye kiti changu, simu sikioni, akili kwenye mpira wa redioni.

"Mzee, nisikize. Wapee ile dawa ya dudu. Kijiko moja moja ya chai. Iko kwa kichupa kidogo, kwa meza, umesikia?"

"Sawa, sawa."

Nilisikia "dawa ya dudu" tu. Nikaenda stoo nikiguna, nikachukua chupa ya soda niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaifungua, harufu ikanikata pua. Nikajiambia dawa ni dawa. Mtu anayesoma karatasi za watu kutwa nzima, hakusoma alichoandika mwenyewe!

Nilimpa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walikuwa wananilamba vidole. Nilipomshika wa nne, wa kwanza alikuwa ameanguka ubavuni, anatoa mate, miguu inapiga hewa. Asali akaja akawa anamlamba mdomo, nikamvuta. Nilimpigia daktari wa mifugo, lakini alipofika wote watatu walikuwa wameshakufa.

Na kabla hajafika nilifanya nini? Mimi, mtu wa kalamu mbili! Nilitupa chupa ya soda kwenye choo. Nikachukua kile kichupa cha mezani, nikamwaga dawa ya minyoo, nikakisuuza. Daktari akauliza, "Mzee, ni nini uliwapea?" Nikampa kichupa. "Ni hiki alichoniachia mama."

Akakinusa, akainama akanusa midomo ya wale watoto, akatikisa kichwa. "Hii ni dawa ya kupe. Hiyo chupa ilikuwa na dawa ya kupe mbele."

Mke wangu alirudi jioni ile na mama yake. Daktari alikuwa amempigia simu tayari. Hakupiga kelele. Aliketi chini pale walipokuwa wamelazwa kwenye taulo lao, akasema, "Ni mimi. Nilikuwa na haraka. Sikuosha hiyo chupa vizuri."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno moja tu lingetosha. Nikanyamaza!

Mmoja wa wale watatu alikuwa wa mwalimu mstaafu wa Busia mjini, mjane, aliyekuja Jumamosi tatu mfululizo kukaa naye tu mapajani. Nilimsikia mke wangu akimpigia. "Mwalimu, sina maneno. Kosa ni langu. Usilaumu mtu mwingine." Mwalimu akalia, na mke wangu akambembeleza.

Watatu waliobaki walipofika wiki nane walichukuliwa na wanunuzi wao. Asali alifungwa kizazi. Brashi, kadi, ndoo, vyote vikaingia kwenye gunia. Binti yetu alimsihi mama yake waendelee, akamjibu, "Mtu ameshindwa kuosha chupa, atalea nini?" Hiyo dharau ilikuwa yangu. Sasa anajidharau nayo mwenyewe.

Wenzangu wa kibandani bado wanauliza dudu wako wapi. Siku hizi nakula peke yangu.

Lakini kuna jambo linalonimaliza kuliko yote. Mama mkwe sasa anaishi kwetu, na anatumia dawa ya kikohozi ya kupimwa kwa kijiko. Kila asubuhi mke wangu ananiletea chupa na kijiko. "Pima wewe, Mzee. Mimi mkono yangu siiamini." Ananiamini mimi! Napima, na yeye anasema asante.

Ndugu zangu, sumu iache kwenye chupa yake. Na kama mkeo ana kazi anayoipenda, hata kama huielewi, usiipe jina la kuchekesha watu wa kibandani. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo. Mimi sikusema siku ya kwanza, ya pili ikawa ngumu zaidi, na sasa nimekuwa mwoga anayeandikia watu asiowajua.

Ila huyu mke wangu husoma ukurasa huu wa gazeti kila Jumapili tukitoka kanisani. Hunisomea kwa sauti, na hawaonei huruma wanaoungama. "Sikia huyu mjinga," husema. Najua atanisoma mimi pia, atanicheka shingo yangu na kalamu zangu, mpaka afike kwenye jina la Asali. Nyumba yenye mbwa wa jina hilo ni moja tu. Hapo atanyamaza, nami nitakuwa nimeketi mbele yake.

Mama, kile kichupa ulikiosha vizuri.