Mimi Si Mahindi, Baba

Juzi, kwenye ghala la kununua mahindi hapa Kitale, mkulima mmoja kutoka Tongaren alitia punje mdomoni, akaiuma. Ikalia ka! "Umesikia? Hii imekauka," akamwambia mnunuzi, kisha akamgeukia binti yake aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu. "Na wewe bado unang'ang'ana na hiyo fizikia ya vitu hazionekani?"

"Ndiyo, Baba. Hiyo punje ilikuwa kavu hata kabla uiume. Meno yako ilisoma tu jibu. Fizikia ya zamani inaona dunia yote hivyo. Lakini elektroni, ile chembe ndogo ndani ya atomu, kabla uipime haiko hapa wala pale. Si ati hatujui. Jibu yenyewe bado haiko."

"Ati haiko! Kitu ni lazima ikuwe mahali, bana. Badilisha kozi. Hiyo itakufikisha wapi? Niambie sasa hivi!"

Msichana hakuinamisha macho. Aliokota punje, akaiweka kwenye kiganja cha baba yake, akamkunja vidole juu yake. "Uma hii ujue iko aje. Mimi si mahindi, Baba. Jibu yangu bado haiko."

Mnunuzi akajifanya anashona gunia.

Hapa kwetu tunawauma watoto mapema, halafu tunatangaza wamekauka. Huyu ameyakataa meno yetu. Niko upande wake, hata kama hiyo elektroni yake sijaielewa.