Linux ya Vestina haina jirani Makambako

Ukungu bado umeufunika mji wa Makambako. Vestina Mgaya anafungua steshenari yake karibu na stendi, anajifunga kitenge juu ya sweta na kuwasha kompyuta. Mteja wa kwanza, mwanamke mwenye flashi mkononi, anainama kutazama kioo.

"Mbona yako haifanani na za wengine?"

"Hii ni Linux, dada. Kazi yako itatoka vizuri tu."

Mwanamke anasita, kisha anairudisha flashi kwenye pochi. "Ngoja, nitarudi."

Harudi.

Vestina, 44, ni mjane anayeishi Kitandililo. Kwa miaka mingi alichapa kazi za wateja kwa Windows, akihangaika na virusi vilivyoletwa na flashi zao. Toleo lake la Windows lilipoacha kuhudumiwa na watengenezaji, aliambiwa kompyuta ile ni ya zamani mno kupokea jipya. Kununua nyingine hakuweza.

Bintiye Peace, anayesoma chuo Dodoma, akamwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, alipokuja likizo.

"Alinionyesha mambo mawili matatu, akasema, 'Mama, utaizoea.' Likizo ikaisha, akaondoka. Nikabaki mimi na kompyuta."

Kompyuta ikawa nyepesi, virusi vikakoma. Lakini Lidia naye, mwenye steshenari ng'ambo ya barabara, akaacha kuja. Zamani mashine ya mmoja ikigoma, mwenzake alivuka, wakahangaika pamoja huku wakinywa chai.

"Nilimwita printa ilipokataa. Akabonyeza bonyeza, akainuka. 'Mama Peace, hii ya kwako siijui.' Hatujagombana. Ila hana tena cha kumleta."

Siku iliyomuuma zaidi ni ile majirani zake wa Kitandililo walipoleta ratiba ya mazishi ya baba yao. Faili lilipofunguka, mistari ilikuwa imeruka, majina ya wajukuu yameangukia ukurasa mwingine. Vestina alijaribu kupanga upya, akashindwa. Wafiwa walitazamana, wakampa pole, wakavuka kwa Lidia.

"Nilikwenda mazikoni. Nikapewa ile ratiba niliyoshindwa kuitoa. Niliimba bila kuitazama."

Aliporudi dukani aliandika tatizo lake kwenye kundi la watumiaji wa Linux katika simu. Aliyejibu ni Elina Haule, karani wa shule huko Ludewa. Alimweleza kuwa aina ya herufi zilizotumika haikuwamo kwenye kompyuta yake, akampigia na kumwelekeza hatua kwa hatua namna ya kuiweka.

Faili likafunguka, kila jina mahali pake.

"Nikageuka nimwonyeshe mtu," anasema Vestina. "Hapakuwa na mtu."

Tangu hapo wanapigiana simu, ingawa hawajawahi kuonana.

"Mwanzoni ilikuwa printa tu. Juzi akaniuliza, 'Kwani leo umekula?' Nilikuwa sijaulizwa hivyo siku nyingi."

Wateja bado ni wachache, na ndugu wanamshauri akope anunue kompyuta kama za wenzake. Amekataa. "Hii inafanya kazi. Nitaitupaje?"

Shule zikifungwa, Vestina anapanga kufunga duka na kupanda basi hadi Ludewa. Elina ameahidi kumfundisha mengine, ingawa Vestina anakiri kuwa haendi kwa ajili ya masomo tu.

"Nataka nikae na mtu mmoja tu, nikimwambia mashine imenisumbua, asogeze kiti karibu."