Wivu wa Mama Subiri

Dada yangu ni mwanasheria wa kiwanda cha rangi. Watu wakisikia mwanasheria hudhani anasimama mahakamani ndani ya joho jeusi, akiwatoa jasho mashahidi. Wapi! Anakaa chumba cha mwisho ghorofa ya pili, jirani na choo, anasoma mikataba ya watu wanaotaka saini kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Mteja wake ni mmoja tu, kiwanda, na kiwanda hakina mdomo wa kusema asante. Meneja wa mauzo akileta mkataba, dada husema, "Subiri kwanza." Mkurugenzi akitaka kopo liandikwe kwamba rangi haina madhara yoyote, dada husema asubiri kwanza. Basi wakambandika jina: Mama Subiri. Akishuka ngazi wananyamaza, akishapita kicheko kinaendelea pale kilipoachwa.

Alivumilia miaka. Mimi ni mdogo wake, tunakaa nyumba moja, najua nisemalo. Alikuwa akisema heri kuchukiwa kuliko kushtakiwa, nami nikamwamini, mpaka alipoajiriwa Anko.

Anko ni ofisa wa uzingatiaji, yaani mtu wa kuhakikisha kiwanda kinafuata sheria na kanuni. Kazi yake, ukiitazama sana, ni kusema "subiri kwanza" kama dada. Ila akisema yeye, watu husubiri huku wanatabasamu. Kijana wa juzi, ndevu ndiyo kwanza zinaota, na tayari wazee wa kiwandani wanamwita Anko. Akapewa chumba kilichopakana na cha dada, katikati ukuta wa mbao. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana ukuta ule unapitisha vicheko lakini maneno hayasikiki.

Jioni dada hakuwa na hadithi nyingine. Leo dereva wa lori kaingia kwa Anko, katoka anafuta machozi. Leo katibu muhtasi kampelekea Anko chai bila kuombwa, na yeye dada chai yake anaifuata mwenyewe jikoni. Leo mhasibu, yule aliyekuwa akimkwepa dada kama ukoma, kakaa kwa Anko mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia huo sasa ni wivu wa mke mwenza, na wahenga wa siku hizi wamesema mwenye wivu ajinyonge. Akanuna. Kesho yake akanunua peremende, akazimwaga kwenye bakuli juu ya meza yake, mlango akauacha wazi. Zililiwa na yeye mwenyewe. Nikamtania tena kwamba kizuri chajiuza, akanitazama kwa jicho ambalo lilinifanya nikumbuke vyombo vyangu jikoni.

Alikuwa na maelezo yake, lakini. Kuna maneno ambayo mwanasheria wa kampuni lazima amwambie mfanyakazi kabla ya kumhoji: mimi ni mwanasheria wa kampuni, si wakili wako, utakayoniambia ni mali ya kampuni, na kampuni inaweza kuyatumia, hata dhidi yako. Dada huyatamka yote, kalamu mkononi, uso umekaza. Mtu akiyasikia anafunga mdomo. Kwa hiyo dada akajipa jibu lililomtuliza roho: Anko hayasemi. Anawachekea, wanamwaga ya moyoni, yeye anaokota.

Ndipo mamlaka ya viwango ikatoa taarifa kwamba inakuja kukagua. Palikuwa na tetesi kuwa rangi za vyumbani zinatoka kiwandani bila kupimwa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa watoto. Anko alikuwa amesafiri kwenda tawi jingine, hivyo mkurugenzi akamwagiza dada achunguze haraka. Dada alifurahi, nami nilimwona. Alivaa gauni lake la kijani, lile la sikukuu.

Siku ya pili ya uchunguzi, mzee wa maabara alisimama ukumbini mbele ya mlango wa Anko uliofungwa. Ndiye aliyepima rangi za kiwanda kile tangu kilipofunguliwa, na alikuwa anakaribia kustaafu. Dada akatoka.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa namtafuta Anko."

"Hayupo. Mimi nipo."

Mzee akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akachukua peremende moja na kuanza kuimenya taratibu. Yale maneno yalikuwa ulimini mwa dada. Lakini alijua akiyasema, mzee atainuka, na Anko akirudi mzee atakwenda kukaa kwake. Aliniambia kwamba la kwanza angelistahimili, ila hilo la pili lilimshinda. Akayameza maneno, akamsogezea bakuli.

Mzee akafunguka. Mashine ya kupimia risasi iliharibika zamani. Aliomba itengenezwe, meneja wa uzalishaji akamwambia asaini tu kwamba rangi imepimwa, malori yanangoja. Akasaini, tena na tena. Dada anasema alimsikiliza huku moyo wake ukicheza ngoma, na aibu yake ni kwamba haikuwa huruma, ilikuwa furaha. Hatimaye na yeye kaambiwa.

Mzee alipomaliza akavuta pumzi. "Sasa, mwanangu, wewe ndiye mwanasheria. Utanitetea vipi?"

Furaha yote ikamtoka. Dada akayasema maneno yale pale, nyuma mbele, baada ya safari kwisha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia nilipoingia," alisema, akaondoka.

Hebu tazama alivyojifunga. Akiyatumia aliyoyasikia, mzee anafukuzwa na pengine kushtakiwa kwa maneno aliyodhani anampa wakili wake, na dada mwenyewe anaweza kunyang'anywa leseni. Akiyakalia, watoto wa watu wanaendelea kulala ndani ya rangi ile. Usiku hakula. Asubuhi akaenda kwa mkurugenzi, akamwambia azuie malori na makopo yote yapimwe upya nje ya kiwanda, asimuulize kwa nini. Kisha akasema kwamba amemhoji mtu bila kumwonya, kwamba mahojiano yale hayafai kutumika na hatayarudia kwa yeyote, na kwamba uchunguzi apewe mwingine. Mkurugenzi aliguna, akazuia malori. Mwingine huyo, nani asiyejua, alikuwa Anko.

Anko aliporudi, dada hakungoja hata aweke begi chini.

"Wewe huwaambii kwamba ni mtu wa kampuni, sivyo? Ndiyo maana wanakueleza."

Anko alishangaa kweli. "Nawaambia, dada. Kabla hawajakaa. Nawaambia wakitaka kuondoka waondoke, na sitawaona wabaya."

Siku hiyohiyo mzee wa maabara aliingia kwa Anko. Dada alikuwa upande wa pili wa mbao, kalamu mkononi, haandiki. Akasikia sauti ya Anko ikisema maneno kwa muda ule ule unaotosha onyo. Akangoja mlango ufunguke mzee atoke. Haukufunguka mpaka kengele ya chakula.

Baadaye Anko akaja kumweleza, maana sheria za kiwanda zinataka dada apitie kila kitu. Mzee amekiri, amemtaja meneja, amekubali kusema hayo mbele ya wakaguzi, na lolote litakalompata amelikubali. Dada akaitikia kwa kichwa; ya mashine na ya meneja alikwishayajua. Kisha Anko akasema kuna jambo jingine, halina uzito kisheria, ila mzee aliomba lisikiwe. Rangi ile aliipaka kwa mikono yake kwenye chumba cha mjukuu wake, mkono wa kwanza kabla mashine haijaharibika, na wa pili baadaye, kwa kopo ambalo halikupimwa, akijipa moyo kwamba rangi ni ile ile. Sasa kila jioni humhamishia mtoto sebuleni, akimdanganya mama wa mtoto kwamba chumbani kuna joto.

Dada alinisimulia haya tukiwa tunakunja nguo. Nikamwambia ashukuru, malori yamezuiwa, mzee ameutua mzigo, na yeye amefanya lililo sawa ijapokuwa kwa kuchelewa. Akasema anashukuru. Akakunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mimi," akasema, "aliniambia habari za mashine tu."