Korosho Tano za Pua Iliyoziba

Saa mbili asubuhi, Severina Nikolao ameketi kwenye kigoda uani kwa Bimdogo Fakihi, kijijini Mnyambe, wilayani Newala. Mapajani ana dodoso. Kati yao kuna kibakuli chenye korosho tano ambazo hazijabanguliwa.

"Shikamoo, Mama Yassini."

"Marahaba, Mama Furaha. Umerudi na maswali yako?"

"Nimerudi. Wiki mbili hizi, pua kuziba kumekusumbua kiasi gani? Kama hakuna shida, ziache zote. Kama imepita kiasi, chukua zote."

Bimdogo, anayepumua kwa mdomo tangu tulipoingia, anazikomba zote.

Severina, 46, ni mhudumu wa zahanati. Ameishia darasa la saba, na aliajiriwa kufagia, kuchemsha sindano na kufunga vidonda. Mwaka jana, 1997, Dk. Reginald, daktari wa pua kutoka Dar es Salaam, alimchukua amsaidie kuuliza maswali ishirini kuhusu sainasi sugu: jinsi pua kuziba, kichwa kuuma na kukosa usingizi kunavyomharibia mtu maisha. Maswali yalitafsiriwa kutoka Kiingereza, na kabla ya kutumika hospitalini ilibidi ithibitike kwamba kwa Kiswahili yanapima ugonjwa kweli.

Huku pua ni habari kubwa. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe na korosho kuchangamka, kila mwenye mikorosho anapuliza salfa, unga wa kuzuia ukungu, na wengi wanalilaumu vumbi lake.

Majibu ya kwanza yalitia aibu. Sifuri ilikuwa hakuna shida, tano shida kubwa kabisa. Wagonjwa wa Masasi mjini walijibu vizuri. Wale thelathini wa Mnyambe na Mkunya, wengine hata kuongea wanaongelea puani, walijibu moja, moja, moja. Daktari akaamua kuwaondoa wote kwenye utafiti. Kliniki ya pua, iliyopangwa kuwafuata wagonjwa waliko, ingeishia Masasi.

"Niliumia," anasema Severina. "Hawa ni watu wangu. Nilijua hawakudanganya."

Akaenda kwa Bimdogo kwa miguu, kuuliza: kwa nini moja?

"Korosho iliyojaa si ndiyo daraja la kwanza?" Bimdogo anatuambia, akicheka. "Mbovu ndiyo la pili. Ugonjwa wangu umejaa. Hiyo tano ningeisemaje?"

Miaka yote kwenye mizani ya kuuzia korosho wamezoea kwamba moja ndiyo ya juu. Wasomi hawakulijua hilo. Mhudumu wa darasa la saba ndiye aliyelijua, na akamwambia daktari aweke namba pembeni, watu wajibu kwa korosho zenyewe.

"Nilibisha siku mbili," anakiri Dk. Reginald. "Nilikaribia kuwatupa watu waliokuwa wakisema kweli."

Wakaulizwa upya, na baada ya wiki mbili wakaulizwa tena. Leo Bimdogo ndiye wa mwisho wao. Watu ishirini na saba kati ya thelathini wametoa majibu yanayokaribiana na yale ya korosho ya wiki mbili nyuma, na daktari amewarudisha wote thelathini.

Chini ya dodoso jipya limeandikwa jina la Severina, pamoja na majina ya madaktari. Ananionyesha kwa kidole, bila haya yoyote, na mimi namwona ana haki.

Kliniki imepangwa kufika Newala mwezi ujao. Anapanga kumpeleka Bimdogo mwenyewe.

"Miaka tisa hajasikia harufu," anasema. "Haombi makubwa. Anataka ajue mboga inaungua kabla wajukuu hawajamwambia."