Barua Niliyomsomea Bibi Nkwimba

Juzi, pale stendi ya Bariadi, vijana wawili walikuwa wakibandika tangazo la mkutano wa injili kwenye ukuta wa duka la pembejeo. Gundi yao ilikuwa uji mzito wa mahindi ndani ya kopo la rangi, nao ulikuwa umeanza kuchacha. Harufu ile iliponifikia, nilisimama katikati ya njia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua tu. Nyinyi niwaambie ukweli: harufu ile naijua tangu nina miaka kumi, na mpaka leo ikinipata hunitetemesha.

Tulikuwa tukiishi Nkoma, nyumba yetu imezungukwa na mashamba ya pamba pande tatu. Nyumbani tulizungumza Kisukuma. Kiswahili kilikuwa cha shuleni na kanisani, kwa hiyo mtoto aliyekisoma bila kukwama alionekana kama ameshukiwa na kitu. Mwinjilisti wetu alinipa kusoma somo kila Jumapili, nikiwa nimesimama juu ya kreti la soda ili nionekane nyuma ya mimbari. Wazee wasiojua kusoma waliniletea barua zao. Mama yangu, ambaye methali za Kiswahili alizijua tatu tu, alikuwa akinikumbusha moja kila nikitoka kanisani: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi nilijiuliza tembo gani huyo, na anatiwaje maji, kisha nikaendelea kuvimba kichwa.

Katibu wa kanisa letu alikuwa Baba Masunga, mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri ulioinama kama mtama wakati wa upepo. Matangazo yote ya kanisa aliyaandika yeye. Mwaka ule, pamba ilipoanza kupasuka, mtoto wake wa mwisho alishikwa na homa siku tatu akafa. Tulimzika kijiji kizima.

Wiki chache baadaye aliniita kwake. Alikuwa amekaa juu ya gunia la pamba, macho yamemwingia ndani.

“Milembe, njoo na daftari. Kuna mtu nataka kumwandikia.”

“Nani, baba?”

“Wewe andika tu. Jina halina haja.”

Akanitajia maneno polepole: Tumekujua wewe uliyemla mtoto. Hama kabla ya Jumapili ya mavuno. Usipohama, usimlaumu mtu.

Niliogopa. Lakini hebu niwaambie aibu yangu: zaidi ya kuogopa, niliona sentensi zake ni fupi mno, hazina utamu. Mwinjilisti alipohubiri alipenda kumalizia kwa picha ya maneno, nami niliiga kila alichofanya. Siku ya mazishi nilikuwa nimemwona Bibi Nkwimba, jirani yetu mjane, amekaa ukutani bila chozi hata moja, wakati wanawake wote wanalia. Sura ile ilikuwa imenikaa kichwani. Basi nikaongeza mstari wangu mwenyewe: Wewe uliyekaa msibani na macho makavu kama jiwe la kusagia.

Baba Masunga akausoma mstari ule mara mbili.

“Huu umeutoa wapi?”

“Kichwani tu, baba.”

Hakunisifu kama nilivyotarajia. Alikunja karatasi akaingia ndani.

Ijumaa ya kabla ya sikukuu ya mavuno, nikiwa nachambua pamba uani peke yangu, Bibi Nkwimba alikuja na fimbo yake, akanisalimia.

“Mwadila, mjukuu wangu.”

“Mwadila, bibi.”

“Nimekuta hii mlangoni, imegandishwa. Nisomee. Bila shaka ni ya mwanangu anayekaa Mwanhuzi.”

Karatasi ilikuwa bado na uji mbichi nyuma, unanuka uchachu. Nikaifungua. Ulikuwa mwandiko wangu.

Sijui niwaelezeje. Herufi zangu nzuri, zile zilizosifiwa na mwalimu, zilinitazama kama nyoka waliojikunja. Mbele yangu alisimama kikongwe, ameinamisha kichwa kidogo kama afanyavyo kanisani nikisoma Neno, anasubiri. Mwaka uliotangulia, kijiji cha jirani, bibi mmoja alikatwa mapanga baada ya kupewa barua ya namna hiyo. Watu wazima walipolizungumza walishusha sauti, nasi watoto tulisikia kila kitu.

“Soma basi. Kasemaje?”

Nikafungua mdomo, na uongo ukatoka wenyewe.

“‘Mama mpendwa, sisi hatujambo. Ng'ombe wetu amezaa ndama. Mavuno yakiisha nitakuja kukuona. Usiende popote, nisije nikakukosa.’”

Bibi Nkwimba akacheka hadi akajishika ubavu. Akataka nimsomee tena. Nikasoma, na safari hii ndama wakawa wawili.

“Mwanzo ulisema mmoja,” akaniambia.

“Ni pacha, bibi.”

“Wabeja gete, ng'wanawane! Pacha!” Alinishukuru hivyo kwa Kisukuma, akaifunga karatasi kwenye pindo la kanga yake, akaondoka akiimba.

Alipopotea nyuma ya pamba ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe: usiende popote. Barua ilimwambia ahame kabla ya Jumapili. Mimi nilimwambia akae.

Jumamosi sikula. Mama alidhani ni malaria, akanipa dawa chungu, nikaimeza bila kulia, nikiona ni haki yangu.

Jumapili kanisa lilijaa magunia ya mahindi, maboga, na kuku waliofungwa miguu. Bibi Nkwimba alikaa benchi la mbele na kikapu chake cha karanga, fundo la kanga limetuna pale penye barua. Baba Masunga alisoma matangazo kwa sauti yake ile ile ya upole. Kisha nikaitwa. Somo lilikuwa la shukrani. Nilitazama ukurasa, na maneno hayakuja. Nilikuwa nimekariri amri zote kumi nikapewa peremende, na ile ya kutomshuhudia jirani uongo niliitamka vizuri kuliko watoto wote. Sasa nilikuwa nimeivunja mara mbili, kwa kalamu na kwa mdomo.

Nikashuka kwenye kreti. Nikamfuata Bibi Nkwimba.

“Bibi, naomba ile barua.”

Akanipa, akitabasamu, akidhani nataka kanisa zima lisikie habari za pacha. Nikaisoma yote kama ilivyoandikwa, mpaka jiwe la kusagia. Nikasema, “Hii niliiandika mimi. Baba Masunga ndiye aliyenitajia, ila huo mstari wa mwisho ni wangu.”

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Baba Masunga alikaa chini taratibu, akafunika uso kwa daftari la matangazo. Bibi Nkwimba hakumtazama. Alinitazama mimi.

“Na ile ya pacha?”

“Hakuna pacha, bibi. Mwanao hakuandika.”

Hapo ndipo yale macho niliyoyaita makavu yakalowa.

Ibada haikuendelea. Mwinjilisti alimchukua Baba Masunga hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, na huko katibu huyo akawataja wenzake wawili waliokwenda naye kwa mganga kumsaka aliyemloga mtoto. Akina mama wa kwaya walihamia kwa Bibi Nkwimba kwa zamu. Mama yangu hakunichapa, jambo lililonitisha kuliko fimbo.

Jumatatu Bibi Nkwimba aliniita.

“Kaa. Shika kalamu. Namwandikia mwanangu. Nitasema mimi, na wewe usiongeze neno.”

Nikaandika. Alisema aliyoyaona. Alisema amezika watoto wanne, na kwamba machozi yake yaliishia kwa yule wa nne, ndiyo maana msibani alikaa kimya. Alisema anaogopa. Mwisho wa kila sentensi alinitaka nimsomee, na neno lililokuwa langu akanifutisha. Tulichukua asubuhi nzima kupata ukurasa mmoja.

Mwanawe alifika wiki iliyofuata akamchukua. Bibi Nkwimba aliishi Mwanhuzi miaka mingi, akafa kwa uzee, kitandani mwake.

Miaka ile niliamini kwamba kwa barua ile ya Jumatatu alikuwa akiniadhibu. Nimekua, nimeandika vitabu, ndipo nikaelewa mengine. Nimeelewa kwamba Baba Masunga alinitafuta kwa sababu mwandiko wake ulijulikana, na kwamba alikuwa baba aliyechanganyikiwa kwa msiba. Ila sijajua, na sitajua, kama alikuwa ameshamchagua Bibi Nkwimba, au ni mstari wangu uliomwonyesha. Watu hufikiri nilianza uandishi siku nilipopandishwa mimbarini. Hapana. Kanisa lilinifundisha kusoma kwa sauti. Aliyenisimika katika kazi hii ni kikongwe asiyejua hata a, aliyekuwa na kila sababu ya kutonipa kalamu tena, akanipa.