Kompyuta Ilipokataa Kugawa Barafu

Asubuhi moja ya miaka ya tisini bado naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa karani wa kompyuta katika ushirika wa wavuvi mjini Homa Bay. Kazi yangu ilikuwa kupanga barafu kiasi gani iende kisiwa cha Mfangano na kiasi gani ibaki kwenye fukwe za huku, ili tupate faida kubwa zaidi. Programu ilifanya hesabu yenyewe. Mimi niliipa masharti tu: uwezo wa mashine ya barafu, nafasi kwenye boti, mahitaji ya Mfangano, samaki wa kwenye barafu walioahidiwa kiwanda cha kusindika samaki.

Siku hiyo ikaandika kwamba hakuna jibu. Nikadhani nimekosea kuchapa. Nikakagua kila tarakimu na kila alama, zote zilikuwa sawa. Meneja wetu, Bwana Ochieng', akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Boti ilikuwa inangoja.

"Akinyi, si utoe hilo sharti la Mfangano? Hii kitu itupe jibu, boti iondoke."

Nikalitoa. Jibu likaja mara moja, tena lenye faida nono: barafu yote ibaki huku, Mfangano isipate kitu. Akasema nichapishe. Mkono wangu haukwenda. Shangazi yangu aliuza mbuta, yaani sangara, kule kisiwani, na nilijua samaki bila barafu hunuka kabla ya jioni.

"Mzee, hilo ni jibu la swali lingine," nikamwambia. "Wacha nilirudishe, halafu nilegeze mengine moja moja tuone yanagongana wapi."

Nilipolegeza la kiwanda, mgawo ukapatikana na Mfangano ikiwemo. Hapo akaelewa: kiwanda na wavuvi wa Mfangano, wote alikuwa amewaahidi barafu ileile. Akajifuta jasho, kisha akapiga simu kiwandani kusema tutapeleka pungufu. Walimfokea hadi mimi nikasikia. Wakaacha kununua kwetu kwa muda, na wengine pale ushirikani wakanilaumu waziwazi. Iliniuma. Lakini boti ilifika Mfangano na barafu.

Sasa wewe unasomea hesabu hizi pale chuoni Rongo, na programu zenu ni kali kuliko yetu. Ikikataa, kagua kwanza ulichoandika. Ukiona ni sawa, usifute sharti ili tu upate jibu. Tafuta yanayogombana, uwaonyeshe wakubwa, waamue wakijua nani ataumia.

Nyasaye ogwedhi, mwanangu. Mungu akubariki, akupe subira ya kukagua na ujasiri wa kusema ulichokiona.