Siku Mama Alipoushikilia Ukuta

Udongo wa ukuta ukilowa una harufu yake, si ile ya shamba. Iko na moshi ndani, na majani makavu, na jasho la waliokanyaga. Mvua ya juzi hapa Kasongo iliniletea harufu hiyo mpaka kitandani, na aibu ikaamka kabla yangu.

Nyumba ya wazazi wangu, kule Lusangi, ilikuwa imeinama upande mumoja. Ninyi muliozaliwa ndani ya matofali ya kuchoma, sikilizeni vizuri, maana kazi hizi si moja. Kukaza ni kuvuta kamba za fito zisilegee. Kushindilia ni kupiga mawe na udongo chini ya nguzo mpaka hata kidole kisipenye. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, lakini inataka kiangazi. Kuegemeza ni kusimamisha muti nje, ukuta uulalie wakati munangoja jua. Kushikilia ni kwa mwili. Anayeshikilia haendi popote.

Yetu ilikuwa imeegemezwa kwa miti. Watoto wenzangu walinichokoza njiani toka mutoni: "Nyumba yenu imekuwa muzee, inatembea na mukongojo!" Nilipita na ndoo yangu kichwani nikitazama vidole vya miguu.

Basi watu wa Nyangwe, wavuvi, wakatuma habari kwamba wanakuja kumuombea kijana wao yaya Feza, dada yangu mukubwa. Kiangazi kilikuwa bado mbali. Asubuhi ya ugeni baba akachomoa miti yote, akaificha ndani ya mihogo.

"Baba Feza, ukuta uko umelala juu ya hiyo miti," mama alisema.

"Utasimama. Ni leo tu. Sitakula na wakwe mbele ya mukongojo."

Mama alimaliza kupika wali na kuku, akapakua, akatukabidhi sahani sisi watoto. "Kaeni nje. Mutu asiingie." Kisha akajifunga kitenge kwa nguvu kiunoni, akaingia, akauwekea mugongo ukuta wa mbele, ule ulioinamia ndani.

Wageni walikaa mbele ya nyumba, wakala. Shangazi ya kijana, mama mupana mwenye sauti ya kuita mutumbwi toka ng'ambo, akaangaza huku na huku.

"Mama wa binti iko wapi? Ao tunanuka samaki?"

Watu wakacheka. Baba pia, kidogo.

"Kichwa kinamuuma."

"Basi mugonjwa si anasalimiwa?"

Aliinuka kabla hajazuiwa. Yaya Feza akafunika uso kwa mikono. Aliona ndoa yake inaondoka. Nilimufuata yule shangazi hadi mulangoni. Mama alikuwa palepale, mugongo ukutani, vumbi la ukuta limemujaa kwenye nywele. Wale wanawake wawili walitazamana. Shangazi akavua viatu, akajipanga kando ya mama, naye akaweka mugongo wake. Kisha akapaza sauti:

"Muzee! Rudisha miti yako! Mugongo wangu ni wa kubeba samaki, si nyumba!"

Baba alikwenda kwenye mihogo mbele ya macho ya watu wote. Wajomba wa kijana walimusaidia kuegemeza. Mimi nilikimbilia nyuma ya choo.

Feza walimuchukua hivyohivyo, na shangazi yule na mama walipendana mpaka kifo. Hiyo haikuniondolea aibu.

Kwa miaka mingi nilidhani aibu ya siku ile ilikuwa ni miti. Halafu na mimi nikaolewa, nikajenga, nikaona kuta zikianguka. Mugongo wa mwanamuke hauwezi kushikilia ukuta wa udongo. Mama alijua hilo kuliko sisi wote. Ndiyo maana alitutoa nje. Mimi nilifikiri hataki wageni waone nguo zetu zilizochanika mule ndani. Ukuta ungeanguka, ungemukuta peke yake.

Na baba alijua. Feza naye alikuwa mukubwa, nadhani alijua. Tulikaa karibu kabisa na mama, upande wa pili wa udongo uleule, kwenye jua zuri. Wali ulikuwa mutamu. Nilikula nikashiba, nikaomba na ukoko.